Kiuno cha Fundi

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu hakwenda nyumbani. Alipitia kwenye chumba cha kushonea cha baba yake, akautua mkoba chini ya meza ya kukatia vitambaa, akashika ufagio. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ukimtuma kitu, kabla hujakumbuka ulichosahau kumwagiza, yeye amesharudi. Alikuwa darasa la sita, mwembamba, mwenye maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kuzoa vipande vya vitambaa, kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye sare za shule, na kumchekesha baba.

Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikaa nyuma ya cherehani asubuhi mpaka jioni, akikanyaga pedeli pekupeku. Alisema akivaa viatu haielewi mashine yake. Mkono wake ulikuwa safi na mzaha haukumwishia, ila mdomo ulimshinda. Soda, keki, biskuti, chochote kitamu hakikupita mbele yake salama. Mtu mwingine akinenepa, suruali humwambia. Fundi hakuambiwa kitu na suruali zake, maana kila moja ilipombana aliifumua, akaiongezea kitambaa kiunoni, maisha yakaendelea.

Mwaka uliotangulia alipimwa zahanati, akakutwa na kisukari. Muuguzi, mwanamke wa makamo asiyependa kupoteza maneno, alimweka chini yeye na mkewe akawaeleza. Dawa kila siku bila kuruka. Soda na keki basi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe maharage, samaki au mayai, na robo inayobaki tu ndiyo ya wali au viazi. Atembee kila siku kwa mwendo wa kutoa jasho, avae viatu, na apunguze kiuno. Fundi akajitetea kwamba miguu yake hutembea kutwa nzima juu ya pedeli. Muuguzi akamjibu kuwa miguu inatembea, ila mwenyewe amekaa.

Mama yake Chapuchapu alifanya usafi kwenye jengo la ofisi, akiondoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Tangu siku ile aliamka mapema zaidi, akapika maharage na mboga, akavitia kwenye bakuli lenye mfuniko ili mumewe ale mchana kazini. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwepo kumwangalia, alimkabidhi binti yake kazi hiyo. Alimwambia kwamba yeye ndiye jicho lake kule, na akiona baba anateleza amwambie.

Jicho hilo halikudumu hata mwezi. Siku moja ya joto Fundi alisimamisha mashine, akalalamika kwamba koo limekauka kama unga, akamwomba binti yake akamletee soda moja tu, na mama asijue, kwani atapandwa na presha bure. Akamkonyeza. Chapuchapu alicheka, akakimbia dukani. Alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote, na kuwa na siri naye kulimfanya ajione mkubwa. Ile moja tu ikawa ya kila siku, halafu ikaanza kuandamana na keki. Bakuli la mama likahamia kwa fundi viatu wa chumba cha pili, ambaye alikula maharage na mboga za bure mpaka akanawiri, na chupa tupu Chapuchapu akazirudisha dukani kabla mama hajapita.

Fundi hakuwa mjinga, wala hakutaka kufa. Kila Jumamosi alisimama katikati ya chumba, akainua mikono, binti yake akamzungushia kiunoni futi ya kupimia nguo. Miezi ya mwanzo futi haikusogea. Kisha ikaanza kupungua, kidogo kidogo, halafu kwa kasi. Fundi alifurahi kama aliyepewa nyumba. Alizifumua suruali zile zile alizozipanua, akazipunguza, akazivaa kwa maringo. Wateja wakampongeza kwamba amekuwa kijana. Akawa anapata kiu isiyokatika, anakwenda chooni mara kwa mara, na jioni anachoka mpaka anasinzia juu ya mashine. Hayo yote aliyaweka kwenye joto na wingi wa kazi.

Futi ndiyo iliyowapoteza. Watu wa kazi nyingine labda wangejiuliza inakuwaje mtu anywe soda kila siku na bado akonde. Lakini katika chumba kile futi ilikuwa na neno la mwisho. Ikisema mkono wa shati ni mfupi, basi ni mfupi, hakuna ubishi. Iliposema kiuno kimepungua, baba na binti wakaona ushahidi wameushika mkononi, na muuguzi alikuwa anawatia watu hofu tu. Mama naye aliziona suruali mpya akashukuru. Alimkumbatia binti yake, akamwambia jicho lake limefanya kazi nzuri. Chapuchapu aliona haya, akainama, lakini hakusema.

Zikaja wiki za kuelekea kufunguliwa kwa shule. Sare zilirundikana mpaka dirishani, na Fundi hakuinuka kitini. Alasiri moja Chapuchapu alikuwa amepiga magoti akifagia chini ya cherehani, akasikia harufu mbaya. Alidhani panya kafia ndani ya rundo la vitambaa. Akasogeza vitambaa, akakuta pedeli ina doa la damu na usaha, na mguu wa baba umevimba. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Katikati yake kilichungulia kipande cha sindano ya mashine, kilichovunjika na kuzama, siku gani hakuna aliyejua.

"Baba, mguu wako."

Fundi aliinama, akautazama kama mguu wa mtu mwingine. "Hauumi," alisema. Akaubonyeza kwa kidole. "Hauumi hata kidogo, mwanangu. Acha, nimalize hii kola."

Mguu ule usiouma ulimtisha Chapuchapu kuliko kama baba angelia. Alikwenda kumwita fundi viatu, na fundi viatu, ambaye alikuwa na nguvu sasa, alimwinua mwenzake juujuu mpaka barabarani wakapata gari la kwenda hospitali. Mama alipigiwa simu, akawakuta huko akiwa bado na aproni ya kazini.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alipima sukari, akatazama kipimo, akapima tena. Kisha akamuuliza Fundi anakula nini kwa siku.

"Nakula vizuri," Fundi alijibu. "Mboga, maharage. Nakunywa maji. Hata kiuno kimepungua, muulize mke wangu."

Mama alithibitisha kwa kichwa. Alisema anampikia mwenyewe kila siku, na binti yake anamwangalia. Daktari akakunja uso. Alieleza kwamba kama chakula ni hicho na sukari iko juu kiasi hiki, basi vidonge vimeshindwa, na itabidi amwanzishie sindano za insulini kwa kiwango kikubwa. Akachukua kalamu.

Chapuchapu alimtazama baba yake. Baba alikuwa ameshamtazama yeye, na alitikisa kichwa polepole, mara moja. Upande wa pili alisimama mama, ambaye alikuwa ameamka gizani mwaka mzima kupika chakula cha fundi viatu. Akisema, atawapoteza wote wawili papo hapo. Alijua hivyo vizuri kabisa.

"Si kweli," alisema. "Anakunywa soda. Kila siku, na siku hizi zaidi ya moja. Namletea mimi. Chakula cha mama anakula fundi viatu."

Hakuna aliyemkemea. Mama alikaa chini kwenye benchi, akaifungua aproni yake, akaikunja vizuri mapajani, akakaa vile vile. Daktari aliiweka kalamu chini. Alisema ni vizuri ameambiwa, maana angempa kiwango kile kisha mgonjwa akaanza kula chakula cha wodini, sukari ingeweza kushuka ghafla na kumwangusha, pengine asiamke. Halafu akamweleza Fundi kuhusu kiuno alichojivunia. Mwili ukishindwa kuitumia sukari, alisema, huanza kujila wenyewe, nyama na mafuta. Ile haikuwa afya, ilikuwa njaa ya mtu aliyeshiba soda. Na sukari hiyo hiyo ndiyo iliyoua hisia za miguu, ndiyo maana sindano ya mashine iliingia bila yeye kujua.

Vile vidole viwili vilikatwa, na sehemu ya wayo. Mguu ulipona. Daktari alisema siku chache zaidi wangekata chini ya goti.

Fundi hakumshukuru binti yake. Wodini alipomwona anaingia na themosi ya uji, aligeukia ukutani, akampa kisogo. Mama naye alimwambia binti yake yale ya lazima tu: leta, weka, kalale. Chapuchapu alilia chooni shuleni ambako hakuna mtu wa kumuuliza. Alikuwa amesema uongo mwaka mzima akapendwa, na amesema kweli siku moja akachukiwa. Hilo lilimuuma, na hata kama wewe msomaji utaambiwa kwamba ukweli una raha yake, kwa siku zile raha hiyo yeye hakuiona.

Fundi alirudi nyumbani na mkongojo. Pedeli hakuiweza tena, kwa hiyo mama aliacha kazi ya ofisini akaja kukanyaga mashine, Fundi akabaki mezani kupima na kukata. Mama hakujua kushona. Alijifunza kwa hasira, na kola zake za kwanza zilipinda hata wateja wakazirudisha. Lakini bakuli la maharage na mboga sasa liliwekwa mbele ya Fundi, wawili wale wakimtazama anavyotafuna. Kila jioni mama alimkagua nyayo chini ya taa, akamvalisha soksi na viatu laini, na Chapuchapu akamsindikiza kutembea kuzunguka uwanja wa shule, taratibu kwanza, kisha kwa mwendo wa kutoa jasho. Walitembea bila kusema kitu.

Jioni moja, baada ya wiki nyingi za kimya hicho, Fundi alisimama karibu na goli, akaegemea nguzo.

"Nilikununia," alisema. "Nilikuona msaliti. Nimelala na jambo hili kila siku, na ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekufundisha uongo, halafu nikakasirika ulipouacha. Ulikuwa mtoto. Sikupaswa kukubebesha mzigo ule."

Chapuchapu alichora chini kwa ncha ya kiatu.

"Nisikilize vizuri. Mtu mzima akikuomba umfichie kitu kinachomuumiza, usimfichie. Akusihi, akukonyeze, akuite kipenzi chake, usimfichie. Hata kama ni mimi. Hasa kama ni mimi."

"Ndiyo, baba."

Waliendelea kutembea. Mbele yao, ng'ambo ya barabara, mwenye duka alikuwa akipanga chupa za baridi kwenye friji lenye kioo. Fundi alipunguza mwendo, akameza mate.

"Hii hamu haijaondoka, mwanangu, na sijui kama itaondoka," alisema. "Hata sasa hivi naitamani. Nakuambia mapema ili unikatalie."

"Nakukatalia," alisema Chapuchapu, na sauti yake ilitetemeka, kwa sababu bado alimpenda kuliko mtu yeyote. Akamshika mkono, wakalipita duka.