Kiu ya Mti wa Ubani

Alasiri ya arobaini ya mkewe, Noof, wageni walipokwisha kuondoka, Thani alisikia mti wa ubani uani ukikohoa.

Alisimama na sinia la vikombe mkononi. Noof ndiye aliyeuleta kutoka Dhofar ukiwa mche, wakaupanda kwenye changarawe nyumbani kwao Al Hail. Thani, mwalimu wa elimu ya mimea chuoni, alimkataza kuumwagilia. Mti huu huota juu ya jiwe, hulishika kwa shina lililovimba, hunywa ukungu na kuweka akiba mwilini. Ukame ukizidi huangusha majani, ukangoja. Maji mengi ndiyo huuozesha.

"Thani," ilisema sauti ndani ya gome. "Nna kiu."

Ndivyo Noof alivyoomba hospitali, figo zilipokufa na madaktari wakaagiza apewe maji kwa kijiko. Thani hakuzidisha hata kijiko kimoja.

Bi Hamdiya, mganga wa Sidab aliyemwita kesho yake, aliunusa mti, akarudi nyuma.

"Usomi wote huo, mwanangu, na hujui sauti ya kuazima? Hilo jini. Marehemu kapumzika. Siku tatu lisipate hata tone. Likinywa mkononi mwako, halitoki tena."

"Na likiomba?"

"Litaomba."

Siku ya kwanza liliomba kwa upole. Siku ya pili harufu ya dawa za hospitali ilijaa uani, majani yakadondoka bila upepo, na ile sauti ikakauka, ikakwaruza, ikamwita Thani kwa jina ambalo Noof peke yake alimwita walipokuwa wachumba, ikaita tena na tena mpaka binti yao Wijdan akatoka mbio na bilauri ya maji.

"Baba, mpe! Huyo mama!"

Thani alimpokonya bilauri. "Si mama."

"Hata kule ulimnyima!"

Aliyamwaga maji nje ya ukuta.

Siku ya tatu, jua likishuka, Bi Hamdiya akiwa ameketi mkekani uani, sauti ilisema taratibu: "Basi, Thani. Usijisumbue. Siombi tena."

Gome lilichanika kama karatasi. Baridi ikampita usoni, ikavuka ukuta.

"Alhamdulillah, limetoka," Bi Hamdiya alisema, akaanza kukunja mkeka wake.

"Maneno hayo," Thani alisema, "ndiyo ya mwisho aliyoniambia Noof. Tulikuwa wawili tu chumbani. Sijamwambia mtu."

Bi Hamdiya aliacha kukunja mkeka.