Mume Wangu, Kwa Nini Leo Hutaki Saumu?

"Mimi leo usiniwekee vitunguu saumu."

Smaranda akasimamisha mchi juu ya kinu. Ulimi wa ng'ombe ulikuwa umetoka sufuriani sasa hivi, unafuka moshi, na alishaumenya ngozi yake nene huku akipuliza vidole. Mumewe, Doru, alisimama mlangoni akifunga vifungo vya shati lililopigwa pasi.

"Wewe? Wewe unayelamba hadi bakuli la sosi?"

"Tumbo linanisumbua."

"Tumbo, au kuna mtu unakwenda kumnong'oneza?"

"Acha hizo, mke wangu. Naenda gereji kwa Costin."

"Kwa Costin ndiyo umenyoa ndevu?"

Simu ya Doru ikatetemeka mezani, kando ya ugali wa njano. Wote wawili waliirukia. Smaranda akawahi.

*Aurica: Wahi leo. Anakuulizia tangu asubuhi. Na tafadhali usije unanuka saumu kama juzi.*

Damu ikampanda kichwani.

"Kumbe mna hadi kuwadi! Huyo anayekuulizia ni nani?"

"Nipe simu, Smaranda."

"Ni nani?"

"Niliapa nisiseme."

"Uliniapia mimi kwanza, mbele ya padri! Kanisa upande wangu tupu, hakuna ndugu hata mmoja! Baba alinifukuza kwa ajili yako, Doru. Akakuita mbwa asiye na banda, nikakufuata hivyo hivyo. Leo ndiyo malipo yangu?"

Doru akaketi. Uso ulikuwa umemshuka.

"Ni baba yako."

"Nini?"

"Anayeniulizia ni baba yako. Ana saratani. Aurica ni jirani yake, ndiye anamwangalia. Alinikuta sokoni akanieleza. Harufu ya saumu inamtapisha mzee."

Mchi ukamponyoka Smaranda, ukabiringika sakafuni.

"Tangu lini?"

"Tangu zabibu zilipochumwa, kabla ya theluji."

Nje, theluji ya mwisho ilikuwa ikidondoka kutoka paani.

"Baridi yote hii? Baba yangu anakufa, na wewe unarudi hapa unakula, unalala, umenyamaza?"

"Aliniapisha. Hakutaka umwone alivyoisha. Niliogopa nikisema atanifukuza na mimi, abaki bila mtu wa kumgeuza kitandani."

"Umeniibia baba yangu, Doru."

Smaranda akavua aproni, akaitupa juu ya kiti.

"Washa gari."

Wakaendesha hadi kijijini kwa mzee. Aurica alipofungua mlango na kumwona Smaranda, akaziba mdomo kwa kiganja, kisha akawapisha.

Mzee Toader, aliyekuwa na mabega kama mlango wa ghala, sasa alikuwa mifupa ndani ya blanketi. Akageukia ukutani.

"Nani kamleta huyu?"

"Nimekuja mwenyewe, baba."

"Usiniangalie."

Smaranda akaganda pale pale. Mzee akashikwa na kikohozi, pumzi ikamkata. Doru akampita mkewe, akapitisha mkono nyuma ya shingo ya mzee, akamwinua, akasogeza mto kwa goti na kumpangusa mate. Hakuna aliyemwelekeza. Mzee akang'ang'ania shati lake.

"Polepole, mwanangu," akahema. "Polepole."

Mwanangu! Kinywa kile kile kilichomwita mbwa!

Smaranda akaketi ukingoni mwa kitanda, machozi yakimtiririka.

"Nimekasirika, baba. Nimewakasirikia nyote wawili."

"Kasirika," mzee akasema, bado hajamtazama. "Ila kasirikia hapa hapa. Usiondoke."

Akaushika mkono wa baba yake, mwepesi kama jani kavu. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono mwingine nyuma akipapasa hewani, hadi Doru akaushika.

"Kuna kingine unanificha?"

"Hakuna."

"Usinifanyie hivi tena, Doru. Hata nani akuapishe."

"Sitakufanyia, mke wangu."

"Basi muulize Aurica shuka safi ziko wapi. Leo tunalala hapa."