Samaki wa Marehemu

Kila mwaka, siku moja kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno na ya kuwakumbuka marehemu, jiko la bibi yake Daseul mzaa baba huko Yeongju lilijaa moshi wa mafuta tangu alfajiri. Mama alikaa sakafuni mbele ya kikaango, akichovya vipande vya samaki kwenye unga na yai, akikaanga na kuvipanga kwenye masinia. Wanaume walikuwa sebuleni wakitazama televisheni. Mwaka huo Daseul, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi ya kupeleka masinia kwenye chumba cha baridi.

Chakula hicho kilikuwa cha marehemu wa ukoo. Mpaka wao waandaliwe meza kesho yake asubuhi na kuinamiwa, hakuna aliye hai aliyeruhusiwa kukionja, hata mpishi mwenyewe. Daseul alilijua hilo tangu utotoni. Lakini samaki alinukia, na kule chumbani hakukuwa na mtu. Akala kipande kimoja, kisha viwili zaidi.

Mchana Bibi alikagua masinia akaona pengo. Alikwenda moja kwa moja jikoni.

"Mama Daseul, wazee wetu marehemu hawajaonja, wewe umeshashiba?" aliuliza kwa sauti iliyofika hadi sebuleni.

Mama hakuwa ametia kitu tumboni siku nzima. Alimtazama Daseul mara moja tu, kisha akainamisha kichwa.

"Nisamehe, Mama. Nitakaanga vingine."

Baba alisikia, akaongeza sauti ya televisheni. Daseul alisimama mlangoni, asikiri kosa. Alimwonea mama yake huruma, lakini alimwogopa Bibi zaidi. Akajiambia kwamba yatapita.

Hayakupita. Shangazi Myeong-ok, dada yake Baba, alikuwa mwandishi wa hadithi fupi za maisha ya wanawake, na siku ile alikuwa pale pale jikoni akimenya vitunguu. Mwezi uliofuata aliwatembelea nyumbani kwao akiwa na hadithi mpya iliyokuwa tayari kupelekwa jaridani. Daseul aliichungulia. Ilimhusu mkwe mwenye njaa aliyeiba samaki wa marehemu, akakamatwa. Jina lilikuwa jingine, lakini ile mikono yenye makovu ya kuungua mafuta ilikuwa ya mama yake. Ukoo mzima ungemtambua.

"Shangazi, usiipeleke," alisema. "Niliyekula ni mimi. Mama hakugusa hata kimoja."

Shangazi aliweka kalamu chini, akamgeukia Mama aliyekuwa akikunja nguo.

"Wifi, mbona ulinyamaza?"

"Ningemtaja mtoto, ningeambiwa sijui kulea," alijibu Mama bila kuinua macho. "Lawama ingerudi kwangu vilevile. Nimeshazoea."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Daseul kuliko kofi. Alichukua simu bila kuambiwa, akampigia Bibi na kumweleza yote. Bibi akasema amesikia, akakata. Hakumwomba Mama radhi, wala siku hiyo hakupiga tena, ila tangu hapo hakuna aliyemlaumu Mama tena kwa samaki wale.

Shangazi alimkalisha Daseul karibu naye.

"Ulidhani ukinyamaza hujadanganya," alimwambia. "Kumbe kimya chako kimesema uongo kwa Bibi, kikanidanganya na mimi, nami nikakaribia kuudanganya umma. Ukikosa, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako."

Daseul aliitikia huku akilia. Shangazi akazishika karatasi ili azichane, lakini Mama akamzuia mkono.

"Usichane, wifi. Toa wizi tu," alisema. "Njaa iache. Hiyo ilikuwa yangu kweli, na hakuna aliyewahi kuniuliza."