Ongea Tu, Mtu Yupo

"Mama, jana umenichekesha wewe! Nimecheka mpaka mtoto akanipiga teke."

Bi Mkasi alikuwa amesimama uso umeelekea ukutani kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, maana ndiyo namna pekee ya kuongea na simu katika nyumba ile. Akatabasamu kwanza, kisha tabasamu likamkwama. Jana? Jana alishinda mjini kupeleka sare za shule, na simu aliiacha palepale dirishani.

"Nilikuchekesha na nini?"

"Si ile habari ya marehemu baba kwenda kwenu kuposa na kiatu cha mguu mmoja! Mbona miaka yote hukunisimulia?"

Hakumsimulia kwa sababu hajawahi kumsimulia kiumbe yeyote. Habari ile waliijua watu wawili, na mmoja alishazikwa. Akafungua mdomo aulize, mtandao ukakatika.

Sasa, mtandao wa nyumba ile, acha tu. Nyumba ilikaa chini ya mteremko, na upande wenye mnara ulikingwa na ghala refu la mabati. Bi Mkasi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe aliyekuwa akiishi naye, walijaribu kila kitu. Walipanda juu ya kiti. Walitundika simu kwenye kamba ya nguo. Waliitumbukiza kwenye sufuria tupu kwa sababu jirani aliwaapia kwamba sufuria huvuta mtandao, na sufuria haikuvuta chochote ila vicheko. Mwisho wakapata mahali pamoja tu, ukingo wa dirisha la stoo, nyuma kabisa, kule yanakowekwa majora ya vitambaa. Ukiiegemeza simu pale, vijiti viwili vinasimama. Ukiisogeza upana wa vidole, kwaheri.

Basi simu ikahamia huko, ikawa inaishi huko.

Na simu hiyo haikuwa ya mapambo. Kitinda, binti yake wa mwisho, aliolewa mbali na dereva wa malori, mwanamume mwema lakini wa kuonekana kwa nadra kama mwezi mchanga. Mimba ya kwanza ilimharibikia akiwa peke yake chumbani. Alipiga simu kwa mama usiku kucha, hakupatikana. Bi Mkasi alipata habari kesho yake, mambo yamekwisha, na tangu siku hiyo kuna kitu kifuani mwake kilikuwa hakikai sawa. Mimba ya pili ilipoingia aliapa mbele ya wifi yake kwamba safari hii mtoto akipiga, atapokewa. Hatazaa wala kuumwa peke yake.

Lakini sare hazijishoni, jamani. Shule zilikaribia kufunguliwa, cherehani iko sebuleni, simu iko stoo, na Kitinda ni wa kuongea mpaka jioni. Miguu ya Bi Mkasi nayo ilivimba kwa kusimama. Akabuni mtindo. Simu ikiita anakwenda kuipokea, anaweka spika, anasalimia, halafu anasema, "Ongea tu mwanangu, mtu yupo." Kisha anarudi zake kwenye cherehani. Kutoka sebuleni anapaza sauti, "Ehee!" Anashona mshono mzima. "Ehee! Ikawaje?" Neno moja analisikia, kumi hayasikii. Kule stoo binti anaongea na majora ya vitambaa.

Siku mbili tatu baada ya ile habari ya kiatu, wifi alikuja sebuleni anakunja pua.

"Wifi, umeanika nini stoo?"

"Sijaanika kitu."

"Kunanuka nguo iliyolowa ikasahaulika. Nimeshika majora yote, makavu."

"Labda panya amekufa."

"Panya namjua mie. Hii si harufu ya panya."

Wakafagia, wakamwaga dawa ya sakafu, harufu ikabaki. Ilikuwa nzito zaidi karibu na dirisha, pale mtu anaposimama kuongea. Bi Mkasi akaanza kugundua jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Zamani alipokuwa akiita "Ehee!" kutoka sebuleni, Kitinda alikuwa akilalamika, mama hebu njoo karibu, sikusikii. Siku hizi halalamiki. Anaongea, ananyamaza kidogo, anacheka, anaendelea. Ananyamaza mahali ambapo Bi Mkasi hajajibu kitu.

Alasiri moja wanawake wale wawili walikuwa wanarudi kutoka kununua vifungo na uzi. Jua lilikuwa bado kali, watoto wa jirani wanapiga kelele na mpira wao, hakuna hata kivuli cha kumtisha mtu. Wifi alikuwa akimsimulia mwenye duka alivyomkonyeza, na Bi Mkasi alikuwa akicheka kweli, mbavu zinamuuma, huku anafungua mlango. Wakaingia. Wifi akamshika mkono ghafla.

Stoo kulikuwa na mtu anaongea.

"Usiende huko kwenye kliniki yao," sauti ilikuwa ikisema, polepole, kwa upendo. "Watakuchana bure. Mimi nimezaa bila wao. Nitakuja mwenyewe."

"Lini, mama?" Sauti ya Kitinda, ya kukwaruza, kwenye spika.

"Uchungu ukianza tu, niite."

Wifi akanong'ona, "Wifi... wewe si uko hapa?"

"Nyamaza."

"Sasa mle ndani ni nani?"

"Nyamaza, nakwambia!"

Maana ile sauti ilikuwa yake. Si kama yake, bali yake hasa, na kale kakohozi anakokohoa kabla ya kutoa ushauri, na ule mvuto wa "mwanangu" alioushika kwa mama yake mzazi, na Bi Mkasi akajikuta anatembea kwenye korido ya nyumba yake mwenyewe kwa ncha za vidole kama mwizi, mkono ukutani, ukuta umelowa jasho la baridi ingawa nje jua linachoma, harufu ya nguo mbichi inamjaa kooni, na kila hatua aliyopiga ile sauti ilizidi kushuka, ikawa mnong'ono, ikawa pumzi, na alipoufikia mlango na kuusukuma hakuona mtu, aliona majora, dirisha, simu imeegemea mahali pake taa yake inawaka, na mbele ya simu, pale anaposimamaga yeye, sakafu ya saruji ina alama mbili za nyayo zilizolowa, vidole vimeelekea ukutani.

Akairukia simu. "Kitinda! Kitinda, mwanangu, si mimi! Unanisikia?"

"Haloo? Mama?"

"Si mimi niliyekuwa naongea! Nenda kliniki! Usimsikilize!"

"Haloo... Mama, naona mtandao umeharibika, nasikia mvumo tu. Basi, nimekuelewa. Nakungoja."

Akapiga tena na tena. Kila mara binti alipokea, kila mara Bi Mkasi alimsikia vizuri kabisa, mpaka pumzi zake za mjamzito, na kila mara binti alisikia mvumo. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Wifi, akikosea herufi na kuzifuta, akaandika ujumbe: *Anayeongea na wewe si mama yako. Nenda hospitali. Tumia simu ya jirani utupigie.*

Ujumbe ukaenda. Wakakaa sakafuni wanaingoja simu. Ikaita. Kabla Bi Mkasi hajanyoosha mkono, ikajipokea, spika ikajiwasha.

"Mama, kuna ujumbe wa ajabu umeingia kwa namba yako."

Sauti ikajibu kutoka nyuma ya mgongo wa Bi Mkasi, karibu sana. "Ni matapeli, mwanangu. Wameiba namba yangu. Futa. Na wakikupigia kwa namba nyingine, usiwasikilize."

"Haya, mama."

Wifi alipiga ukelele akatoka mbio mpaka barabarani. Bi Mkasi hakukimbia. Aligeuka, akatazama ukuta mtupu, akasema kwa sauti iliyokatika, "Nichukue mimi. Yeye muache. Kitu gani unataka, nitakupa." Kitu kile hakikuwa na maneno kwa ajili yake.

Mkwe hakupatikana, yuko njiani na lori. Bi Mkasi alitaka kusafiri usiku uleule, wifi akamng'ang'ania: ukienda umekiacha kitu hapa kinaongea na mtoto, kwanza kitolewe! Akakubali. Ndipo siku ikapotea.

Mganga alikuja mchana wa kesho yake, mwanamke wa makamo aliyepakiwa kwenye pikipiki, kofia ngumu mkononi, si wa maneno mengi. Sifa yake ilikuwa kutoa majini yaliyoshindikana kwa wenzake. Akaingia stoo na vifaa vyake. Akasimama. Akavuta hewa, mara moja, mara mbili. Kisha akaanza kurudisha vifaa kwenye mkoba bila kuvitumia.

"Vipi?" Bi Mkasi akauliza. "Hujaanza."

"Ulikuwa unamwambiaje mtoto, ukiondoka hapa dirishani?"

"Namwambia... ongea tu, mtu yupo."

"Mtu gani?"

Bi Mkasi akaitazama simu pale dirishani.

"Mama, vitu hivi havina ruhusa ya kuingia kati ya mzazi na mwanawe," mganga akasema, bila ukali. "Ulimkabidhi kwa mdomo wako, kila siku, na kule mtoto akaitikia. Ningelikuta hapa ningelitoa, Mungu shahidi. Lakini nusa mwenyewe."

Bi Mkasi akanusa. Stoo ilinuka vitambaa vipya na vumbi. Sakafu ilikuwa kavu.

"Limetoka," wifi akasema, na sauti yake ikapanda kwa furaha. "Ahsante Mungu, limetoka!"

"Limetoka," mganga akakubali. Akavaa kofia yake. "Halikutolewa. Limeitwa."

Hakuchukua hata nauli ya pikipiki.

Bi Mkasi alipiga simu. *Namba unayopiga inatumika.* Akapiga tena. Inatumika. Akavaa alichokiona cha kwanza, viatu pea mbalimbali, akakimbilia stendi, wifi nyuma yake analia na mkoba. Basi la mwisho la siku hiyo lilikuwa linang'oa nanga, wakalisimamisha kwa kulipiga mabati. Kiti kilikuwa kimoja. Wifi akabaki chini, mikono kichwani.

Njia nzima alipiga, na njia nzima namba ilikuwa inatumika, na alijua inatumiwa na nani, maana hakuna mtu mwingine duniani ambaye Kitinda angeongea naye kutwa namna ile, na miti ikapita na vijiji vikapita na jua likaanza kushuka, na yeye akawa anahesabu moyoni, si saa, bali mambo ambayo binti yake hajui: namna ya kupumua, namna ya kusukuma, nani wa kumwita damu isipokatika; na kila alipolifikiria jambo aliona kwamba kuna mtu anamfundisha, kwa sauti yake, kwa kakohozi kake, na anamfundisha vingine. Chaji ikamwishia.

Jirani yake wa kiti, kijana wa watu mwenye vipokea sauti shingoni, alimwona anatetemeka. "Mama, unaumwa?"

"Mwanangu anajifungua. Niazime simu, nakuomba."

Akampa mara moja. Bi Mkasi akabonyeza namba aliyoijua kuliko jina lake. Safari hii ikaita. Ikaita tena. Ikapokewa.

Kwanza akasikia kilio cha mtoto mchanga, kikali, kizima, na moyo wake ukafunguka kwa furaha ambayo hakuweza kuizuia. Amezaa. Yuko hai, wote wako hai.

"Haloo?" Sauti ya Kitinda ilikuwa imechoka lakini inacheka. "Haloo, nani?"

"Mama yako! Kitinda, ni mama, niko njiani, niko kwenye basi! Mwite jirani! Toka humo chumbani na mtoto, toka sasa hivi, mwanangu, unanisikia?"

"Haloo? Haloo?" Kisha, akiwa ameondoa mdomo kwenye simu, akimwambia mtu aliye karibu naye, "Hawasemi kitu. Mvumo tu."

Na mtu huyo akajibu, karibu kabisa na simu, akikohoa kidogo kwanza.

"Kata, mwanangu, upumzike. Hebu mlete nimpakate."

"Usimpe!" Bi Mkasi akapiga ukelele uliowageuza abiria wote. "Usimpe! Kitinda! Usimpe!"

Akasikia khanga zikisogezwa. Akasikia kitanda kikilia, kama mtu anayeinuka nusu kumnyooshea mwenzake kitu. Kilio cha mtoto kikahama mkono kwenda mkono. Kisha kikakoma, na simu ikakatwa.

Bi Mkasi alibaki ameishika sikioni. Kijana alinyoosha shingo, akatazama kioo cha simu yake, akamgusa bega kwa huruma.

"Usijali, mama. Hapa mtandao huwa hivihivi. Tukiupanda ule mlima utampata tu."