Mkato wa Mwenye Pori

Mtu ninayewasimulia habari zake hapa ni jirani yangu, ukuta wake na wangu ni mmoja, kwa hiyo msije mkaniambia nimeota. Siku hizi ni mtu mpole, wa kusalimia na kupita zake. Zamani, huko alikokuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao, walimwita Chapchap, na jina hilo hakupewa bure. Chai aliinywa amesimama. Viatu alivaa akitembea. Mkewe huapa kwamba hata siku ya harusi alimfokea mpiga picha kwa kuwachelewesha.

Kiwanda chenyewe kilikuwa ukingoni mwa msitu. Baba mkwe wake ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa msumeno, na tajiri alipotaka msimamizi mwenye mbio, mzee akampigia debe mkwewe. Wakapewa nyumba ya mabati nyuma ya kiwanda, yeye na mkewe na binti yao mdogo, mtoto wa mashavu waliyemwita Kipipa. Chapchap alikuwa mbishi na mwenye kisirani, lakini kwa Kipipa hakuwa na ujanja. Mtoto akimwambia kaa, anakaa.

Asubuhi yake ya kwanza kazini ilikuwa ya kawaida tu. Wanaume walifika na vikombe vyao vya plastiki, wakataniana kuhusu nani anakoroma na nani anaogopa mkewe. Mmoja akamimina dizeli. Injini ikakohoa, ikawaka, mkanda ukaanza kuzungusha msumeno. Hapo utani ukakatika. Wote wakageuka, wakaupa msumeno mgongo.

“Geuka, bosi,” fundi wa pembeni yake akamnong'oneza.

“Nigeuke nitazame nini, ukuta?”

“Geuka tu. Ni mkato wa Mwenye Pori.”

Chapchap akageuka nusu, shingo upande. Mezani hapakuwa na gogo. Baba mkwe wake alikuwa amesimama peke yake, amefumba macho, mikono ameikunja mbele kama mtu aliyemshika ndama taya. Akaisukuma mikono hiyo taratibu kuelekea kwenye meno ya msumeno. Msumeno ukalia, ule mlio wa kupata kitu. Chini ya meza vumbi likaanza kumwagika, jeupe, laini, na halikunuka mbao. Lilinuka ukucha ulioungua.

Mchana, walipokaa kula, akamchokoza mzee. Mzee hakukasirika. Akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mgeni mahali pa choo.

“Msitu una mwenyewe. Huku ndiye tunayemwomba, hatuna mwingine. Sisi tunakata miti yake, naye anatuacha tuishi. Anachodai ni pembe zake zikatwe kila asubuhi, maana hazikomi kukua. Mababu walitumia tupa. Sisi tumepata msumeno.”

“Ushawahi kumwona?”

“Kumshika, nimemshika. Kumwona sijathubutu.” Mzee akainamisha kichwa, akaonyesha kovu pana utosini. “Na nikimkata vibaya, kinachoumia ni kichwa changu. Maumivu yake humwendea mkataji wake.”

Chapchap alicheka mpaka akapaliwa. Wenzake hawakucheka. Walimtazama, kisha wakaendelea kula.

Mvua zikaja, barabara ikakatika, lori la dizeli likakwama huko lilikokwama. Hapo Chapchap akapata sababu aliyokuwa anaitafuta. Asubuhi moja, injini ilipowaka tu, akaamuru gogo lipandishwe mezani.

“Dizeli ya kukatia hewa mimi sina!”

Mzee akamsogelea. “Mwanangu, mkato huu si wako.”

“Baba, nyumbani nakuheshimu. Hapa kazini msimamizi ni mimi.”

Mzee akavua glavu zake, akaziweka mezani, akatoka. Mmoja wa wanaume alitema mate karibu kabisa na kiatu cha Chapchap, akamkazia macho. Gogo likapita, likatoa mbao safi. Hakuna kilichotokea. Chapchap alishinda siku nzima akipiga mluzi, akimwuliza kila aliyepita, “Vipi, Mwenye Pori kalala njaa?”

Kesho yake nguzo ya lango la kiwanda ilikutwa imechunwa. Akasema ni ng'ombe. Keshokutwa ilichunwa ya ghala, juu zaidi. Baada ya hapo michubuko ikahamia nyumbani kwake. Ilianzia kwenye mabati ya ukuta, usawa wa kifua. Ikapanda juu ya mlango. Ikafika ukingoni mwa paa, mistari mipana, mirefu, na bati limekunjamana. Ndege wakanyamaza msituni. Kiwandani watu wakaacha kumsalimia, na mzee alijaribu kurudia mkato wake asubuhi baada ya asubuhi, akasimama na mikono mitupu mpaka ikachoka. Hakuna kilichokuja kuinama mezani.

Siku moja Chapchap akarudi nyumbani kula mchana. Jua lilikuwa limewaka. Mkewe alikuwa anaanika nguo mbele ya nyumba.

“Kipipa yuko wapi?”

“Si yuko nyuma anacheza? Hebu msikie.”

Akasikia. Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Kipipa alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkononi alikuwa na tupa ya baba yake, ile ya kunolea meno ya msumeno. Alikuwa anaisugua hewani, juu ya kichwa chake, ulimi nje kwa bidii. Tupa haikugusa chochote, lakini sauti ilikuwepo, na vumbi jeupe lilikuwa linamdondokea kwenye nywele na kope.

“Kipipa. Njoo hapa.”

“Shh, baba. Anaumwa.”

“Nani?”

“Usimwangalie. Hapendi.”

Mbele ya ndoo majani yalikuwa yamelala, yamekandamizwa na kitu kizito. Kitu hicho kikapumua. Chapchap akamnyakua mtoto kifuani na kukimbia. Nyuma yake ukuta wa mabati ukapasuka kutoka kona hadi kona.

Jioni ile alimpigia baba mkwe wake magoti. Nawaambia, yule mtu wa ubishi alipiga magoti, akalia mbele ya mkewe bila aibu.

“Amemchagua mtoto,” mzee akanong'ona. “Na mkono wa mtoto hauwezi kushindana na pembe zile. Siku mtoto akishindwa, Mwenye Pori atamchukua, aende naye huko ndani.”

“Tuondoke leo hii.”

“Atawafuata. Lililobaki ni moja. Wewe uliyemnyima, umkate wewe, umwombe msamaha. Labda atamwachia mtoto. Fumba macho. Nenda polepole. Msumeno ukibadili sauti, acha hapo hapo. Hapo pembe imeisha, nyama imeanza.”

Chapchap akaitikia kwa kichwa. Moyoni alikuwa na yake. Maumivu humwendea mkataji, si ndivyo mzee alivyosema? Basi na yaje. Atakata pembe, atakata na kichwa, na kama kufa wafe wote wawili, mradi Kipipa apone. Alimchukia kiumbe yule kwa chuki ambayo hajawahi kumchukia nayo mtu. Hakuuliza swali lingine. Siku zote hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Kipipa aliachwa ndani na mama yake, mlango umefungwa kwa komeo. Wanaume wakageuka. Injini ikawaka. Chapchap akafumba macho, akakunja mikono mbele ya meza, akangoja.

Uzito ukaja.

Ulimwangukia mikononi taratibu. Manyoya. Yamelowa, ya moto. Taya linatafuna. Kichwa kilikuwa kikubwa, mikono yake haikukizunguka. Pumzi yake ilinuka udongo uliofukuliwa. Kikamwegemea kifuani, kikatulia.

Akasukuma. Msumeno ukalia. Vipande vikadondoka sakafuni, kimoja, kingine, vizito. Kiumbe hakutikisika.

Sauti ikabadilika.

“Acha,” mzee akanong'ona.

Akasukuma.

“Acha, mwanangu!”

Akasukuma kwa nguvu zake zote. Akangoja maumivu. Hayakuja. Mikono ikawa mitupu ghafla, akajikuta amelalia meza. Akafumbua macho. Msumeno ulikuwa unazunguka peke yake. Akajishika kichwa. Kizima. Hata mkwaruzo hana.

“Nimemmaliza!” akapiga kelele, anacheka na kulia. “Nimemmaliza, jamani!”

Kutoka nyumbani mkewe akapiga ukunga.

Alivunja mlango kwa bega. Kipipa alikuwa ameketi kitandani. Hakuwa analia. Hakukuwa na tone la damu. Juu ya paji la uso, kila upande, nywele zilikuwa zimeondoka, na mahali pake palikuwa na sehemu mbili bapa, ngumu, za mviringo. Chapchap alizitambua. Kila siku ya kazi yake alikuwa akiziona kwenye gogo lililokatwa, duara ndani ya duara.

Ndipo alipoikumbuka ile tupa mkononi mwa Kipipa. Mkataji alikuwa ameshachaguliwa, na hakuwa yeye.

“Baba,” mtoto akasema, “mbona ulikuwa na haraka?”

Mzee alifika mlangoni akihema. Akamtazama mjukuu wake. Hakumkimbilia, hakumwita jina. Machozi yakamtoka, kisha akageuka akampa mgongo. Nyuma yake uani wanaume wote wa kiwanda walikuwa wamefika mbio, nao wakageuka, mmoja baada ya mwingine.

Walihama wiki hiyo hiyo, wakahama tena, mpaka wakaja kuangukia hapa, pembeni yangu. Kipipa amekua, msichana mwenye adabu zake, hatoki bila kilemba. Kila alfajiri nasikia kupitia ukutani: kwaru, kwaru, kwaru. Polepole mno. Chapchap, aliyekuwa hawezi kungoja chai ipoe, anasugua mpaka jua linapanda, anapumzika, anasugua tena. Kabla mkewe hajanisimulia haya yote, niliwahi kumwuliza. Akasema ananoa kisu. Nikamwambia hicho kisu kitaisha. Akanitazama, macho mekundu.

“Ningeomba kiishe,” akasema.

Kuna jingine. Sauti ile ikiendelea, ng'ambo ya barabara huwa wamesimama wanaume nisiowajua, viatu vimejaa udongo mbichi hata wakati wa kiangazi, wameipa nyumba mgongo. Sauti ikikoma, wanaondoka. Hawasalimii mtu.

Juzi Chapchap alikamatwa na homa, akalazwa. Alfajiri ya jana sikusikia tupa. Ya leo pia. Wale wanaume wako pale mpaka sasa, na leo wamekuja wengi.

Nimeamka na vumbi jeupe kwenye mto wangu, bado lina joto. Ukutani, juu ya kichwa nilipolalia, kuna matundu mawili yaliyokuja kutoka upande wao.