Vidole vya Msusi Vyafunguka

Kila asubuhi mume alihangaika kuosha kiganja cha mkewe. Mke alikuwa msusi. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia ulijikunja ngumi. Kucha zilimchoma. Mume akivuta vidole, vilizidi kukaza.

"Taratibu, baba watoto," mke alisema. "Hicho si kifuniko cha chupa."

Wakaenda kliniki ya mazoezi ya viungo. Mtaalamu, mama mmoja mcheshi, aliukanda mkono polepole.

"Ubongo uliumia," alisema. "Sasa unaiamuru misuli ikaze muda wote. Ukiivuta kwa nguvu, inakaza zaidi."

Akachukua sindano safi, nyembamba kama unywele, akazichoma kwenye misuli.

"Zina dawa gani?" mume akauliza.

"Hazina. Zinasaidia misuli ilegee kwa muda."

Baadaye kidole cha shahada kikanyooka. Kikafuata cha kati. Mke alikitazama kiganja chake kama mgeni aliyemngoja siku nyingi. Mume alishindwa kukaa kitini.

Mtaalamu akawaonyesha mazoezi ya nyumbani. Lakini kwa furaha walizunguka kwa majirani kuonyesha mkono, wakasahau mazoezi. Kesho yake ngumi ilikuwa imerudi.

"Zile sindano zimetudanganya," mume alilalamika walipokwenda tena.

"Mazoezi mlifanya?"

"Tulisahau," mke alikiri.

"Basi msizisingizie sindano," mtaalamu alisema, akicheka. "Zinalegeza tu. Mkono ukilegea, hapo ndipo mazoezi yanaufundisha ubongo upya. Viwili hivi viende pamoja. Na sindano achome aliyesomea. Na wewe mama, dawa zako za presha usiache. Wagonjwa hawafanani, wengine huchelewa."

Akamchoma tena. Safari hii wanandoa hawakulegea. Mume alivinyoosha vidole polepole. Mke alishika kitambaa, akakiachia, akakishika tena. Akahamia kwenye kikombe, kisha kitana. Kilipoanguka, alikiokota mwenyewe.

Siku moja wifi yake alikuja kumjulia hali. Alipoona kitana mkononi, alivuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Wifi, nisuke."

"Mkono bado mzito."

"Nina haraka gani mimi?"

Mkono wa kushoto ukagawa nywele. Wa kulia ukashika, ukateleza, ukashika tena. Mume alisimama mlangoni, hata kupumua anaogopa. Mwishowe mstari mmoja ukafika kisogoni.

"Umepinda," mke alisema, machozi yakimlenga. "Ngoja nifumue."

Wifi akaufunika kwa kiganja. "Huu haufumuliwi. Nataka watu waniulize nani kanisuka."