Hodi ya Saa Kumi na Mbili na Nusu

Jioni hiyo ya mwaka wa tisini na nane nilikuwa na kazi ndogo tu: kwenda Kawangware kumwonyesha mama kwamba kaka yangu hayumo ndani ya kompyuta.

Najua inavyosikika. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza.

Phanuel alizama ziwani miezi kumi na mmoja kabla ya hapo, boti ilipopinduka akienda matanga ng'ambo. Watu saba walitolewa majini. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti. Wazee wa nyumbani walitaka tuzike tunda la yago badala yake, kama Wajaluo tunavyofanya mwili usipopatikana. Mama alikataa katakata. "Mtoto wangu si tunda," aliwaambia, akarudi mjini, kwetu Kianda. Tangu hapo hakula vizuri wala hakulala. Nguo zilimpwaya, kikohozi kikamkaa kifuani. Niliogopa kwamba tusipomzika Phanuel, nitamzika yeye.

Mimi na Phanuel tulikuwa tukifundisha kwenye koleji ya Gerishon, mwenye ploti pale Kawangware. Tuliandika pamoja programu ya kufunza watu kupiga taipu. Inaonyesha sentensi, inasubiri mwanafunzi aiandike, kisha inaleta nyingine. Hakuna cha ajabu. Lakini wiki hiyo, kwa siku tano mfululizo, kila ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni, mashine ya pembeni ilifuta somo na kuweka neno moja katikati ya skrini.

HODI.

Wanafunzi walikimbia. Mmoja wao husali na mama, na habari hazina miguu lakini zilifika Kianda kabla yangu.

"Aoko, hiyo kitu imenimalizia wanafunzi," Gerishon aliniambia. "Kesho asubuhi naformat hiyo mashine, nafuta kila kitu. Sitaki story."

Kwa hiyo nilikuwa na jioni moja. Phanuel alipenda utani, tena wa kuudhi. Niliamini alificha neno hilo mahali fulani kabla ya kusafiri. Nikimwonyesha mama mstari alioandika, ataona ni mzaha ulioachwa na mtu aliyekufa, na atakubali tuzike. Shida ni kwamba nilikuwa nimeisoma programu yote mara tatu. Neno hilo halikuwemo.

Ikabaki njia moja, kuifuata ikitembea.

Mashine ile ilikuwa Pentium Two, na prosesa yake, ubongo wa mashine, ina uwezo ambao wengi hawaujui. Programu haiendi moja kwa moja. Inaruka, kutoka mstari huu hadi ule. Ukiiamuru, prosesa husimama kila inaporuka na kukumbuka mambo mawili tu, kwa namba: imetoka wapi, imetua wapi. Niliandika programu ndogo ya kuzikamata nyayo hizo na kuzionyesha chini ya skrini. Na kwa kuwa macho yangu yasingewahi kila namba, niliifanya spika ya ndani ilie ta! kwa kila mruko. Nilijipongeza kweli kwa akili hiyo.

Tulivuka Ngong Road jua likishuka, mama akitembea polepole, leso mabegani. Gerishon alitufungulia, akasema anangoja nje. Mwanamume mzima.

Nilimketisha mama kando yangu. Nikaanzisha mashine.

Ta. Ta. Ta. Ta.

"Hiyo ni nini inalia?" mama akauliza.

"Ni mimi nafuata njia ya programu, mama. Kila ikiruka, inalia."

Namba zilipita chini ya skrini, zote ninazozijua. Programu ilikuwa ikizunguka mahali pamoja kama inavyopaswa. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na mbili na nusu kasoro dakika moja.

Kisha nikasikia harufu.

Magugu ya ziwa yaliyooza… na maji ya matope. Kawangware, mbali na ziwa kiasi hicho. Nilimwangalia mama. Pua yake ilikuwa imetanuka.

Mlio ukabadilika.

Ta… tata. Ta… tata.

Namba sikuzijua tena. Prosesa ilikuwa inatua mahali ambapo hakuna programu, mahali patupu kabisa, na bado inatoka hapo na kutua mbele kidogo. Kitu kilikuwa kinatembea pale. Kilikuwa kinakuja.

Ta… tata. Ta… tata.

Mama akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Aoko nyara, binti yangu," akanong'ona. "Sikia huo mguu."

Nilikuwa nimeshausikia. Mguu wa kushoto wa Phanuel ulivunjika utotoni ukaungwa vibaya. Mimi na mama tuliujua mwendo wake hata akiwa bado kwenye kona ya choo cha ploti. Nilitaka kulia na nilitaka kukimbia, na sikuweza hata kimoja.

Skrini ikafutika. Ikabaki mistari yangu ya namba chini, na juu yake neno lile.

HODI.

Kimya. Ta moja. Ta nyingine, taratibu, kama mtu anayebadilisha mguu mlangoni.

Ghafla mama akasimama.

"Zima hiyo kelele!"

"Mama, ngoja, nataka kuona ametoka—"

"Zima! Huko kwetu pepo wa nyawawa wakipita jioni kutoka ziwani, tunawafanyia nini? Tunagonga sufuria, tunagonga mabati, waende zao! Wewe unamgongea ndugu yako!"

Nilitafuta pa kuizima. Spika ile haina kitufe. Niliiandikia mimi mwenyewe ilie kwa kila hatua, na kwa kila hatua ililia.

Ta. Tata. Tata. Tatatatata…

Alikuwa anakimbia. Na mguu ule, Mungu wangu, mguu ule ukimbie!

"Phanuel!" mama aliita. "Phanuel, wuoda, mwanangu, ni sisi!"

Tatatata… ta.

Kimya.

Mashine ikaganda. Harufu ikatoweka. Nje, Gerishon alikohoa na kuuliza kama tumemaliza.

Mama aliketi chini sakafuni. Nilibaki nikitazama mstari wa mwisho chini ya skrini, unyayo wa mwisho ambao prosesa iliukumbuka. Alikotua ni namba ambayo mashine ile haina, sawa na kupewa namba ya nyumba wakati mtaa umekwisha. Nilipitisha macho upande wa pili, kuona alitoka wapi.

Hapo nilipajua. Tulipaandika mimi na Phanuel, tukigombania kiti. Ndipo programu inaposimama kusubiri mtu abonyeze kibodi.

"Ameenda wapi?" mama akauliza.

"Mbali, mama. Sijui ni wapi."

"Na kabla aende… alikuwa anafanya nini hapo?"

Nilimwangalia. Leso ilikuwa imeanguka, na alikuwa mdogo, mdogo sana pale sakafuni.

"Hakuwa akifanya kitu. Alikuwa anapita tu."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, akipangusa machozi kwa kiganja. "Basi amekufa," akasema. "Mtu aliye hai hafukuzwi na kelele. Waambie wazee watafute yago."

Asubuhi Gerishon alifuta mashine yote. Mwezi uliofuata tulizika tunda, na mama akatupa udongo kwa mkono wake mwenyewe. Siku hizi anakula. Analala hadi kunakucha, na kikohozi kimemwacha.

Sijamwambia, na sitamwambia. Siku sita mwanawe alisimama pale akingoja tu mtu amwandikie karibu.